Ile ndege ya kijeshi ya Marekani inayokaa angani miaka: inafanya nini kule juu?

ZabibuHombolo (mwanzisha mada)

Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni.

Niko Hombolo, Dodoma, shambani. Huu ni msimu wa kuvuna zabibu na tunalala hukuhuku, maana shamba ukiliacha peke yake usiku mmoja tu, asubuhi unakuta vichala vimekatwa mistari mizima. Kwa hiyo anga tunaliangalia kila jioni.

Juzi, jua limeshazama lakini wekundu bado uko magharibi, tuliona nuru ikichomoza upande wa kusini magharibi. Haikuwa inawakawaka kama ndege za abiria zinazoshuka mjini, na haikuwa na mlio wowote. Ilipanda taratibu, ikapita karibu na ile nyota nyekundu inayoonekana sana miezi hii, ikafika karibu na utosini. Ilipoanza kuteremka upande wa Kiteto, kaskazini mashariki, ikabadilika rangi ikawa ya chungwa, ikafifia, ikazimika. Haikufika chini. Wingu halikuwepo hata moja.

Mpwa wangu wa kidato cha tatu akasema hiyo ni X-37B, ndege ya jeshi la Marekani isiyo na rubani, imerushwa mwezi uliopita na inaweza kukaa huko miaka miwili bila kutua. Mzee jirani yetu yeye alisisitiza kwamba imezima taa baada ya kujua inatazamwa. Nikapeleka habari kwenye grupu letu la wakulima, basi usiku ule hatukulala. Mmoja anasema imebeba bomu, mwingine anasema inapiga picha majengo ya serikali kule Mtumba, mwingine ana hakika ndani kuna watu wamegandishwa kwa majaribio.

Naombeni mwenye uelewa anifafanulie kwa utulivu. Ndege hiyo ipo kweli? Inafanya nini muda wote huo? Na kwa nini ilizimika? Mama yangu mzazi tangu siku hiyo hataki kulala nje, na kwenye joto hili ndani hakulaliki. Nataka nimpe jibu la kweli.

Nkuhungu_Mjini

Kaka hiyo ni bomu tu, usidanganywe. Mtu hatumii mabilioni ya dola kuzungusha chombo kitupu miaka na miaka. Wanangoja amri ishuke popote wanapotaka, na hakuna wa kuwauliza.

Mwl_Mstaafu_Kongwa

Marahaba kijana wangu. Nimefundisha fizikia sekondari za mkoa huu mpaka nikastaafu, na habari za setelaiti nimezifuatilia tangu ujana. Nitaanza na kuzimika, kwa sababu hicho ndicho ulichokiona kwa macho yako mwenyewe.

Setelaiti haina taa. Unaiona kwa sababu jua lililokwisha kuzama kwako wewe, kwayo bado halijazama. Iko juu, kilomita mia kadhaa au zaidi, kwa hiyo miale inaifikia wakati Hombolo kumeshaingia giza. Lakini dunia nayo ina kivuli chake, na baada ya magharibi kivuli hicho kinapanda kutokea mashariki. Chombo kinachotoka kusini magharibi kwenda kaskazini mashariki kinakwenda kukutana nacho. Kikiingia humo kinapotea palepale, kingali juu angani. Ile rangi ya chungwa ni mwanga wa mwisho wa jua uliopita kwenye hewa ya dunia, sawa na wekundu unaouona wewe jua likizama. Mwambie jirani yako na mama yako kwamba hakuna aliyezima chochote. Septemba jua letu linazama kama saa kumi na mbili na nusu jioni. Chombo cha kilomita 400 kikipita utosini mwako kitaonekana mpaka kama saa mbili kasoro dakika kumi, na baada ya hapo utosini ni kivulini. Ndiyo maana vitu vya namna hii vinaonekana mapema jioni au alfajiri, na usiku wa manane huvioni.

Je, ilikuwa ndiyo yenyewe? Kwa kuiona mara moja hakuna awezaye kusema. Setelaiti zinazopita juu yetu ni maelfu. Ingekuwa inang'aa kuliko nyota zote ningesema ni Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Hii ndege ni ndogo na nuru yake ni hafifu zaidi.

Sasa ndege yenyewe. Ipo, wala kuwepo kwake hakujafichwa. Mradi ulianza NASA mwaka 1999, ukahamia upande wa ulinzi mwaka 2004. Imetengenezwa na Boeing. Urefu wake ni kama mita 8.9, kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa ni mita 4.5, na inaporuka ina uzito wa karibu tani tano. Zipo mbili. Inapandishwa juu ya roketi, ikifika huko inafungua paneli ya sola, na ikimaliza kazi inarudi na kutua yenyewe kwenye uwanja wa ndege, bila mtu ndani. Hilo la watu waliogandishwa mlitoe akilini kabisa. Inakaa muda mrefu kwa sababu hiyohiyo, kwamba hakuna anayekula, anayekunywa wala anayehitaji hewa.

Ilipobuniwa ilitegemewa kukaa siku 270. Safari ya kwanza iliruka Aprili 2010 ikarudi Desemba, siku 224. Ya pili 468. Ya tatu 674. Ya nne 717. Ya tano 780. Ya sita iliruka Mei 2020 dunia ikiwa katikati ya korona, ikatua Novemba 2022, siku 908. Ya saba ilikaa 434 ikatua Machi 2025. Hii ya nane, anayoisema mpwa wako, iliondoka Florida usiku wa tarehe 21 Agosti 2025 kwa saa za kwao. Huku kwetu ilikuwa asubuhi ya tarehe 22, jua ndiyo kwanza linachomoza.

Kuhusu bomu. Sehemu yake ya mzigo ina futi saba kwa nne. Silaha ya nyuklia kwenye obiti, yaani njia ya kuizunguka dunia, imekatazwa na mkataba wa mwaka 1967, na Marekani imeutia saini. Hata ukiuweka mkataba pembeni, hesabu yenyewe inakataa. Taifa lenye makombora ya kuvuka bahari kwa nusu saa halina sababu ya kuweka bomu kwenye chombo ambacho lazima kingoje njia yake ipite juu ya shabaha, na ambacho watu wenye darubini za mkono wanakifuatilia. Kuhusu Mtumba, chukua simu yako ufungue ramani ya picha za setelaiti. Utaona mapaa ya wizara zote, barabara, na magari yamepaki. Picha hizo zimeshapigwa na setelaiti za biashara na hakuna aliyejificha.

Jambo la pekee la ndege hii ni kwamba inarudi. Setelaiti ya kawaida ukiirusha umeagana nayo, kifaa kikiharibika unabahatisha kilichokipata. Hii inakwenda na kifaa, inakaa nacho kwenye baridi, joto na mionzi kwa miaka miwili, kisha inakishusha mezani kwa fundi akikague skrubu kwa skrubu. Kwa mtu wa maabara hicho ni kitu kikubwa mno.

Mgogo_wa_Bahi

Mwalimu nakuheshimu na umeeleza vizuri. Lakini hapo mwisho umewatetea mno. Kama ni kukagua vifaa tu, siri ya nini? Mwaka 2012 Waingereza wenyewe waliandika kwenye jarida la mambo ya anga kwamba inakifuatilia kituo cha Wachina, Tiangong-1. Jeshi ni jeshi. Halijawahi kukaa angani zaidi ya siku elfu nne kwa ajili ya kusaidia wanasayansi. Mimi naamini inanusa setelaiti za wenzao, inasogea karibu, inazipiga picha, inasikiliza mawasiliano. Na ikiweza kusogea karibu inaweza pia kuharibu.

MpimaViwanja_Dom

Niongeze kidogo kwa upande wa kazi yangu, maana safari hii ya nane wametaja wazi vitu viwili inavyovipima na kimoja kinanihusu kabisa.

Mimi ni mpima. Tangu serikali ihamie Dodoma sijapumzika, leo Nala, kesho Ihumwa, keshokutwa Mtumba. Risiva yangu inapokea mawimbi ya setelaiti za GPS zilizo juu karibu kilomita 20,200, na lazima izione angalau nne ndipo inipe mahali nilipo. Mawimbi hayo yakifika chini ni dhaifu sana. Nikisimamisha kifaa karibu na ukuta wa ghorofa au chini ya mbuyu mnene, namba zinaanza kuyumba mbele ya macho yangu, natakiwa nisubiri au nihamie pembeni. Sasa kama mbuyu unaweza kunisumbua, fikiria adui mwenye mtambo wa makusudi wa kuvuruga. Kwenye vita za sasa hilo linafanyika kila siku, ndege na meli zinapotea njia.

Kifaa walichokipeleka ni cha kupima mwendo na mzunguko kwa kutumia tabia za atomi, bila kuhitaji wimbi lolote kutoka nje. Vifaa vya zamani vya namna hiyo vipo kwenye ndege na nyambizi, lakini vina kosa dogo linalojijumlisha: kadiri saa zinavyopita, ndivyo unavyozidi kuwa mbali na pale unapodhani upo. Huwezi kujua hiki kipya kinakosea kiasi gani mpaka ukiache kitembee muda mrefu bila kukigusa. Hapo ndipo naelewa kwa nini safari zinakuwa ndefu. Cha pili ni mawasiliano ya leza kati ya chombo na setelaiti nyingine, ambayo ni magumu kudukuliwa kuliko redio kwa sababu mwale wake ni mwembamba.

Kwa hiyo ndugu wa Bahi yuko sahihi kwamba ni jambo la kijeshi. Ila bomu silioni. Naona watu wanaojiandaa kwa siku ambayo GPS itazimwa, na siku hiyo bikoni zangu zote, zile alama za mipaka ya viwanja, nitazitafuta kwa kamba.

Binti_UDOM

Shikamoo mwalimu, shikamoo kaka mpima. Mimi nina wasiwasi wa aina nyingine kabisa.

Wote mnaongea kana kwamba ni Marekani peke yake. China nayo ina chombo chake cha namna hiyo. Kiliruka mara ya kwanza Septemba 2020 kikakaa siku mbili, mara ya pili siku 276, mara ya tatu siku 268 kikatua Septemba 2024, na habari zake ni chache kuliko hata hizi za Marekani. Kwa hiyo juu ya vichwa vyetu wakubwa wanachunguzana, na sisi tulio chini hatuulizwi.

Tarehe 30 Desemba 2024, hapo jirani Kenya, kijiji cha Mukuku kaunti ya Makueni, liliwaangukia pete la chuma la upana wa mita mbili na nusu, uzito kama kilo 500. Shirika la Anga la Kenya likasema ni kipande cha roketi. Ilikuwa mchana, watu wako kwenye shughuli zao. Hakuna aliyeumia, lakini ingekuwa juu ya darasa? Mimi nimekulia Mpwapwa, vijiji vimetawanyika vilevile kama Makueni. Mama wa kaka wa Hombolo anayeogopa kulala nje sioni kama ana hofu ya kijinga. Hofu yake inastahili jibu.

Mwl_Mstaafu_Kongwa

Marahaba binti. Umesema jambo zito na nitalifikia, kwanza nimjibu ndugu wa Bahi.

Habari ya Tiangong-1 iliandikwa kweli. Lakini waliokuwa wanaifuatilia ndege ile usiku kwa usiku waliipinga mara moja, na sababu yao inaeleweka. Njia za vyombo hivyo viwili zilikuwa zimepishana pembe. Vinapokaribiana vinakatizana kwa kasi ya kilomita kadhaa kwa sekunde moja. Hapo hakuna kunusa wala kusikiliza. Ili uandamane na mwenzako angani lazima muwe kwenye njia moja, na kugeuza njia angani kunakula mafuta kupita kiasi.

Siri ni ya nini? Hapa Kongwa wazee wetu wa miaka ya 1960 waliishi jirani na kambi ya wapigania uhuru, FRELIMO, ANC, SWAPO na wengine. Kila mtu alijua kambi ilipo. Waliona magari yakiingia na kutoka. Kilichokuwa ndani ya magari hawakukijua, na hawakutakiwa kukijua. Ndege hii ndivyo ilivyo: njia inaonekana, mzigo hauonekani. Mwaka 2010, mwezi mmoja tu baada ya kurushwa ile ya kwanza, watu wasiolipwa na mtu walishaipata angani, mmoja wao Greg Roberts wa Cape Town, Mwafrika Kusini. Ile ya saba ilifichwa kwa kurushwa juu sana, na bado Februari 2024 Tomi Simola wa Finland akaikuta, njia yake ikishuka hadi kilomita 323 na kupanda hadi zaidi ya 38,000. Hawa watu nawaheshimu kuliko ninavyoweza kueleza. Mtu mmoja, darubini au kamera, saa sahihi na uvumilivu, na jeshi kubwa kuliko yote duniani linashindwa kujificha kwake.

Kuhusu kijeshi sibishani nawe. Heather Wilson, aliyekuwa waziri wa Jeshi la Anga la Marekani, alieleza mwaka 2019 kwamba ndege hii inaweza kushuka mpaka hewa ya juu, ikageuka kidogo upande ambao mpinzani haioni, na ikitokeza tena haiko pale alipoitegemea. Safari ya saba walitangaza wenyewe kwamba wameishusha kwa kuipitisha kwenye hewa hiyo mara nyingi, hewa ifanye kazi ya breki na mafuta yabaki. Hiyo si kazi ya kusaidia wanasayansi. Ingawa mambo ya sayansi nayo yalikwenda, NASA walipeleka mbegu kwenye safari ya sita waone mionzi inazifanya nini.

Sasa binti. Ndege yenyewe haianguki ovyo, inatua kwenye lami. Mei 2017 iliporudi Florida, watu waliamshwa asubuhi na mshindo wake kabla hawajaambiwa chochote. Kinachoanguka mara nyingi ni roketi na vipande vyake, kama hicho cha Makueni. Na hapa ndipo mimi nina ugomvi nao. Ilipotua safari ya tano, Oktoba 2019, jeshi lenyewe likasema ilikuwa imebeba setelaiti ndogo na kuziachia huko juu. Dunia ilikuwa haijaambiwa. Jonathan McDowell, mwanaastronomia aliyekuwa akifanya kazi Marekani hiyohiyo, alilalamika hadharani, kwa sababu upo mkataba wa Umoja wa Mataifa, ulioanza kutumika mwaka 1976, unaotaka kila kinachorushwa kiandikishwe. Daftari hilo ndilo linalomwezesha mwananchi wa Mukuku au Mpwapwa kusema: hiki kilichotuangukia ni cha nani, na nani atalipa.

Waache wafiche mzigo wao, ni jeshi, nalielewa. Lakini wanachokiachia angani kitoke na jina. Wachina vilevile. Hilo ndilo swali ambalo ningependa vijana wetu wa sheria pale Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) walishike, kwa sababu bomu la kufikirika linatukosesha usingizi wakati chuma cha kweli kimeshaanguka jirani.

Mgogo_wa_Bahi

Hapo kwenye daftari nimekuelewa mwalimu na niko nawe. Kwenye kunusa bado nina mashaka yangu. Kama wanaweza kuachia setelaiti ndogo bila kusema, hizo ndogo ndizo zinaweza kutumwa kunusa.

Mwl_Mstaafu_Kongwa

Hoja hiyo ina nguvu, ndugu yangu. Ndiyo maana nataka daftari.

ZabibuHombolo

Mwalimu, kaka mpima, dada wa UDOM, Mungu awabariki. Mama nimemsomea sehemu ya kivuli yote, akataka nirudie, nikachukua limau na tochi nikamwonyesha pale jikoni. Ametoa mkeka nje. Kuhusu Makueni nimemwambia ukweli pia, akasema hilo ni la Mungu na serikali.

Mpwa wangu sasa anataka kuifuatilia hiyo ndege kama huyo mzee wa Cape Town. Tuna simu tu na darubini ndogo ya mkono aliyoniachia marehemu baba. Tufanye nini? Na kama juzi ilipita saa moja na nusu usiku, kesho itapita saa ileile?

MpimaViwanja_Dom

Darubini ya mkono inatosha kuanzia. Saa ya simu iweke ijirekebishe yenyewe kwa mtandao, usiisogeze kwa mkono. Hapo mlipolala chukua pointi ya GPS mara moja, iandikeni kwenye daftari, na muwe mnakaa palepale kila siku.

Mwl_Mstaafu_Kongwa

Ile nyota nyekundu uliyoisema ni Antares, iko kwenye kundi la Nge, na miezi hii jioni iko juu upande wa kusini magharibi. Itumieni. Nuru ikipita, andika saa, dakika na sekunde ilipokuwa imekaribiana na nyota hiyo, na kama imepita juu yake au chini, kwa umbali wa vidole vingapi ukinyoosha mkono. Mstari mmoja wa namna hiyo kwenye daftari una thamani kuliko video ya simu.

Haitapita saa ileile. Chombo cha chini kinazunguka dunia kwa dakika zaidi kidogo ya 90, na dunia nayo inageuka chini yake, kwa hiyo kesho inaweza kuwahi, kuchelewa, au kupita mbali mkaikosa. Setelaiti za kawaida zina ratiba kwenye mtandao, mkizizoea mtaziita kwa majina. X-37B jeshi halitoi ratiba yake. Wanaoifuatilia wanapiga hesabu kutokana na walivyoiona jana na juzi. Siku isipotokea kwa wakati wanajua imegeuza njia, wanaanza kuitafuta upya. Mkipata sekunde na nyota kwa jioni mbili au tatu mfululizo, wekeni hapa, tutapiga hesabu pamoja tuone mlichokiona ni kipi.